Mbwa wa Kigobe na Dini Niliyoisingizia

“Mi naomba tu kuelewa, Baba Raihana. Hii mbwa ya Kigobe, yenyewe imeshasilimu?”

Mama Landry hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Mtu akikupigia kelele unapata pa kujificha, unasema huyu ana hasira, hajui anachosema. Yeye aliuliza kama anayeuliza bei ya nyanya, povu la kufulia likimtiririka viwikoni, na parseli yetu nzima, uwanja mmoja wenye milango mingi na masikio mengi zaidi, ikanyamaza isikilize jibu langu.

Nikatazama chini.

Katikati yetu palikuwa na katoni ya sabuni, na ndani ya katoni mtoto wa mbwa, masikio yameanguka, nyayo kubwa kuliko miguu yenyewe. Népomuscène, aliyemleta, alikuwa amesimama pembeni anajifuta jasho, bado anangoja asante.

“Sema tu,” akaendelea Mama Landry. “Kama kuna mbwa zenye kuswali, yangu nitaiandikisha madrasa leo leo.”

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu mimi nikiona watu wanacheka siwezi kubaki nje. Wenzangu waliponyamaza nilijikuta bado nacheka peke yangu, na hapo ndipo nilipojua wanamcheka nani.

Kwa wewe uliyefungiwa maandazi na gazeti la wiki iliyopita kabla hujanisoma, nikusogeze kidogo. Mimi ni Karimu, Baba Raihana kwa majirani, muuza vipuri vya magari hapa Buyenzi. Nimeshawasimulia humu habari za mkwe aliyenikana, za gari lililoungua siku ya kuuzwa, na za wezi waliotoboa ukuta wangu wa nyuma wakaondoka na dinamo na radiateri. Mikasa hiyo yote niliisimulia kifua mbele, maana haikuwa kosa langu. Huu wa leo nauandika nimeinamisha kichwa.

Baada ya wezi, kila aliyekunywa chai kwangu alinishauri nitafute mbwa. Jirani yangu Pascaline, ndiye huyo Mama Landry, mzaliwa wa Uvira, ng’ambo ya mpaka, akaja kunipa wake bure. Anarudi kwao kuishi kwa kaka yake, na kaka hataki mbwa hata kivuli chake. Mbwa mwenyewe jike, anaitwa Reskape, Kifaransa cha aliyeokoka, kwa sababu Mama Landry alimtoa kwenye mafuriko ya Gatumba. Ana sikio lililochanika, na shingoni hana manyoya.

Mimi nikaweka mkono kifuani. Nikamwambia dini yangu hainiruhusu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Lakini kuna mambo niliwaficha, hata ninyi.

La kwanza, siku ileile nilipoweka mkono kifuani, mkono huohuo ulikuwa umekwisha kushikana na wa Népomuscène. Huyu ni dereva wa bosi mmoja wa Kigobe, mtaa wa wenye pesa, na mbwa wa bosi, mbwa wa Kijerumani hasa, wale wanaoitwa berje, alikuwa amezaa. Nilishachaguliwa mtoto.

La pili, sababu. Si woga wa Mungu. Nilitaka mteja akishuka kwenye gari lake aulize, “Karimu, huyu ni berje?” Nami nimjibu taratibu, kama mtu aliyechoka kuulizwa. Kwa Reskape mteja asingeuliza kitu. Angesema tu maskini. Sikutaka mlango wangu uambiwe maskini.

Na kwa nini dini? Kwa sababu nilimjua Mama Landry. Ukimwambia huna nafasi, atakuja kukuonyesha nafasi. Ukimwambia mkeo anaogopa, atakwenda kukaa na mkeo mpaka aache kuogopa. Lakini ukitaja dini, Mkristo mwenye adabu hunyamaza.

Naye ana adabu. Alinyamaza, halafu akaniomba msamaha. Alisema hakujua, amenikosea, nisimhesabie.

Kisha akaniambia la tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote, kwa maana nilibaki nalijua. Asipopata mtu wa kumchukua Reskape, daktari wa mifugo angekuja Ijumaa yake ya mwisho mjini, siku moja kabla ya safari, amchome sindano ya mwisho. Mbwa asiye na mwenyewe mjini hutupiwa nyama ya sumu, na Mama Landry amewahi kuona mbwa anavyokufa kwa sumu.

Nilimwambia pole sana.

Tangu siku hiyo akaacha kumpitisha Reskape mbele ya mlango wangu. Alimtoa kwa nyuma, kwenye mtaro, akazunguka kwa wauza makaa, ili mbwa asikate njia tunayopita kwenda msikitini. Na mvua zilikuwa zimeanza. Kila asubuhi nilimwona kutoka kwenye benchi langu, kitenge amekipandisha magotini, anavuta mbwa kwenye tope kwa heshima ya dini yangu.

Nilimwona. Nikaongeza sukari kwenye chai.

Mpango wangu ulikuwa mtoto wa berje aje Jumapili, Mama Landry akiwa ameshavuka mpaka pale Gatumba. Watu wangesahau. Kumbe bosi wa Kigobe alipata safari ya ghafla, nyumba ikafungwa, na Népomuscène akaona anitendee wema: alete mbwa mapema. Esansi, yaani petroli, hakuna mjini, gari limelala. Akabeba katoni kichwani, akatembea kwa miguu kutoka Kigobe mpaka Buyenzi, Ijumaa, saa ya watu kuwa nje. Kila aliyemwuliza kuna nini humo alimjibu bila hiana. Mbwa wa Karimu.

Alipoingia kwenye parseli nyuma yake kulikuwa na msururu wa watoto, na wanawake wawili walioacha nyanya zao barabarani.

Akatua katoni. Akatoa na karatasi, akaanza kusoma ukoo wa mbwa: baba yake fulani bin fulani wa Ujerumani, babu yake mshindi wa tuzo, na nyanya yake naye ana jina refu lenye kistari katikati.

“Subhanallah,” akasema Faruk. “Mimi babu wa tatu simjui.”

Faruk ni fundi wa bodi za magari, rafiki yangu tangu tukiwa watoto. Anakula kwangu kuliko anavyokula kwake. Yeye ndiye aliyecheka zaidi ya wote, mpaka Mama Landry alipouliza lile swali la kusilimu. Hapo akafunga mdomo, akamwuliza mama ana maana gani.

Mama Landry akamweleza. Alieleza kwa kifupi, bila kuongeza chumvi, na chumvi haikuhitajika. Alipofika pale pa mkono kifuani, akaweka wake hivyohivyo.

Faruk akanigeukia.

“Ulimwambia dini inakataza mbwa?”

Nikasema sikusema inakataza, nilisema hainiruhusu mimi.

“Ee. Kumbe una yako peke yako.” Hakuwa anatania tena. “Mbwa wa kulinda mali, anakaa nje, hagusi vyombo. Mtoto wa madrasa anajua jibu. Marehemu baba yako mwenyewe alikuwa naye, alikuwa analala chini ya lori. Wewe ndiye uliyekuwa unampelekea maji.”

Kweli. Nilikuwa nimemsahau mbwa yule, wallahi. Au nilitaka kumsahau.

Mama Landry alikuwa anamtazama Faruk kama mtu aliyeona mlango pale alipozoea kuona ukuta. Akamwuliza, polepole, angemwomba yeye ingekuwaje.

Faruk akakuna kidevu. Alitamani asijibu, lakini akajibu. Mwezi uliopita alikuwa anahangaika kutafuta mbwa wa gereji. Akaenda kumtoa mmoja kwa wavuvi wa Kajaga, dume kali, halitaki kuona mbwa mwingine karibu, wangetoana macho. “Ningekuwa najua wa kwako yupo, mama, nisingekwenda Kajaga.”

Tukaelewa sote kwa pamoja. Kwa wiki zote hizo Mama Landry alikuwa amezunguka avenyu yetu mlango kwa mlango. Huyu ana mtoto mchanga, yule kapanga na mwenye nyumba hataki. Lakini milango ya Waislamu yote aliiruka. Aliiruka kwa ajili ya neno langu.

“Umetufunga midomo sote,” Faruk akaniambia, “na hatukujua kama tumefungwa.”

Nikatazama jikoni, nikitegemea mke wangu atoke kunitetea. Adija hajawahi kuniacha niaibike mbele za watu, hunisubiri ndani. Akatoka kweli, anafuta mikono kwenye kanga.

“Kwa hiyo haikuwa haramu?” akauliza.

Nikamwambia aingie ndani, tutaongea.

Hakuingia. Akasema, si kwangu bali kwa Mama Landry, kwamba kila siku baada ya chakula alikuwa akimpa Reskape ukoko kwa juu ya ukuta wa nyuma, kwenye bakuli la bati. Mbwa akimaliza, yeye Adija analiosha bakuli mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Nami nilikuwa nimemwona akichimba udongo pembeni ya mpapai, nikadhani ni dawa za wanawake, nikanyamaza.

“Kuosha si kazi,” Adija akasema. “Ila nilikuwa natubu kwa kumficha mume wangu. Mwanaume mwenye msimamo wa dini namna hii, nami namzunguka. Nimelia kwenye mkeka, Mama Landry. Nimeomba nisamehewe ukoko.”

 Mtoto wa mbwa akajikojolea kwenye katoni, na hata watoto hawakucheka.

Ndugu msomaji, kuna aibu inayokufanya unyamaze, na kuna inayokufanya useme sana. Mimi ni wa hii ya pili. Nikapaza sauti ili hata wale wa barabarani wasikie. Nikasema basi, yamekwisha, Mama Landry nipe Reskape wako, nitamlea mimi, na huyu wa katoni arudi Kigobe.

Népomuscène akanikumbusha kwamba nyumba imefungwa na bosi yuko kwenye ndege.

Basi nitawalea wote wawili, nikasema. Nikaangalia huku na huku, nikaona nyuso zinaanza kulegea. Nilidhani nimeshapona.

“Apana,” akasema Mama Landry.

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

“Nimesikia. Apana.” Akakung’uta povu mikononi. “Sikiliza, Baba Raihana. Ile siku ya maji, kule Gatumba, mi nilimukuta amefungwa na munyororo kwa baraza. Maji iko hapa.” Akaonyesha kidevu chake. “Benye nyumba walikimbia na televizyo. Nilikuwa nawajua. Walikuwa batu ba heshima. Mbwa waliichukua kwa mutu mwenye alikufa, juu ya vile majirani walikuwa wanawatazama, wakaona haya kukataa.”

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu katoni itue.

“Haya inaisha. Batu watasahau, na we utasahau. Siku hiyo utamufunga.”

Nikasema mimi si mtu wa namna hiyo.

“Jana nilikuwa ninasema hivyohivyo juu yako,” akanijibu. “Daktari anakuja muchana. Atalala kichwa yake iko kwa magoti yangu. Ni afazali.”

Akarudi kwenye beseni lake. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, bila hata kuagana, na watu wa Buyenzi kutawanyika bila kuagana ni jambo kubwa kuliko matusi.

Nikaenda kuswali Ijumaa. Kwa kawaida Faruk hunishikia nafasi kwenye safu yake. Siku hiyo safu ilikuwa imejaa. Hotuba ilihusu wema kwa wazazi, lakini mimi kila neno nililiona linanitafuta mimi.

Sasa mjue jambo moja kuhusu nyumba yangu. Ijumaa haifungwi. Adija hupika pilau ya kutosha watu ambao hatujawaalika, na tukitoka msikitini nyuma yangu huwa kuna kundi, wengine hata kwa majina siwajui. Tunazunguka sinia, mmoja analeta habari za Kajaga, mwingine za mpakani, nani kaoa, nani kakimbia, na mimi ndiye ninayesogeza nyama upande wa mgeni. Sina mali nyingine. Hiyo ndiyo niliyo nayo, na hata wezi hawakuweza kuibeba.

Siku hiyo nilipogeuka kwenye kona, nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nikarudi kuwafuata. Mmoja akasema anangojwa nyumbani. Mwingine akasema yuko kwenye saumu, na dini haitaki mtu afunge Ijumaa peke yake. Faruk akasema tumbo linamsumbua. Tumbo la Faruk halijawahi kumsumbua isipokuwa likiwa tupu.

Wote walinijibu kwa upole. Wangenitukana ningewashinda.

Nyumbani Adija alikuwa amepika kama kawaida, kiasi kilekile. Akaweka sinia kwenye mkeka, akaweka birika la kunawia, akarudi jikoni. Mtoto wa berje nilikuwa nimemfungia kwenye stoo ya vipuri, kimya, na bakuli la maziwa. Nikakaa mbele ya pilau. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Sijui kula peke yangu, sijawahi kujifunza.

Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia maji yanamwagika na Mama Landry anaimba pambio la kanisani kwao, chini kwa chini. Nikapanda juu ya tofali, nikachungulia.

Alikuwa anamwogesha Reskape. Si kwa sabuni ya kufulia. Kwa sabuni ya kuogea, ile yenye harufu nzuri. Alikuwa anamsugua nyuma ya lile sikio lililochanika, anamfuta macho kwa ncha ya kitenge, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda kupigwa picha. Mbwa alikuwa amefumba macho, ametulia.

Nikaiona shingo yake. Miezi yote nilikuwa nikidhani ni ukurutu. Ndicho nilichokuwa nakionea kinyaa. Nilishawaambia hata wateja, msimguse yule, ana ukurutu. Sasa maji yalikuwa yamelaza manyoya, nikaona ni duara, duara kamili, limepita shingo nzima. Palikuwa pa mnyororo.

Nilitaka kumwita Mama Landry. Nikatafuta sentensi. Kila niliyoipata ilianza na watu: watu wameniona, watu hawaji, watu watasemaje. Nikashuka kwenye tofali.

Adija alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

“Kama asubuhi uwanjani kusingekuwa na mtu,” akaniuliza, “yule mbwa ungemtaka?”

Siku nyingine ningeapa. Nikamwambia sijui.

“Na sasa?”

Nikamwambia nimeiona shingo yake.  Adija akanitazama muda, jinsi anavyotazama mchele kabla ya kuuchambua. Halafu akaingia jikoni, akakwangua ukoko kwenye lile bakuli la bati, akajitupia mtandio.

Akasema anakwenda kwa Mama Landry. Wewe usije, akasema, ukija utahutubia. Yeye atakwenda kama mwanamke kwa mwanamke mwenzake, atamweleza ni nani hasa atakayekuwa anamlisha Reskape kila siku, na kumkumbusha ni nani aliyekuwa anamlisha tangu zamani. Huenda akakubali, huenda akamfukuza. Ila Mama Landry hageuzwi kwa haraka.

“Nahitaji muda,” akasema. “Muda tu.”

Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Sikuwa hata nimekaa, mlango wa mbele ukabishwa hodi. Moyo wangu mjinga ukaruka, nikadhani ni Faruk, tumbo limepona. Nikafungua nikiwa nimeshatabasamu.

Alikuwa kijana mwembamba, viatu vimejaa tope, mkoba mweusi begani na mkononi kisanduku kidogo cha barafu, cha kuwekea dawa. Akanipa bonjour, akasema anaitwa Adrien, ni daktari wa mifugo, anamtafuta Madame Pascaline. Ameambiwa ni mlango unaofuata baada ya muuza vipuri, lakini haoni kibao.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole. Mlango ulikuwa pale, hatua chache. Nyuma ya ukuta pambio lilikuwa limekatika, nikasikia sauti ya Adija, ya chini, ndiyo kwanza inaanza.

Nikamwuliza daktari habari za njiani. Akasema ni nzuri. Nikamwuliza habari za mvua. Akasema anazo sehemu mbili nyingine za kupita kabla ya jioni.

Kisha akanitazama kofia, akatazama viatu kwenye kizingiti changu, uso wake ukafunguka.

“Ah. Wewe ndiye yule jirani Mwislamu.” Akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe. “Madame alinieleza jana kwa simu. Msiwe na wasiwasi. Amesema nikishamaliza nisimpitishe mbwa mbele ya mlango wako. Nimbebe kwa njia ya nyuma, kwenye mtaro, kwa sababu ya dini yako.”



Jana. Kabla ya katoni. Alikuwa anapanga mazishi ya mbwa wake, na katika mazishi hayo akanitafutia mimi nafasi ya heshima.

Nilifungua mdomo nimwambie. Ningesema nini? Kwamba hakuna dini hapa iliyokosewa, kwamba aliyekosa ni mimi, kwamba ageuke arudi alikotoka? Mbwa si wangu. Neno si langu tena. Nyuma ya ukuta Mama Landry alikuwa anajibu kitu, sikusikia nini, na Adija amenyamaza anamsikiliza.

Ndipo ndani ya stoo, katikati ya radiateri, mtoto wa berje akaamka.

Akalia mara moja, kidogo. Halafu akalia kwa sauti, kilio kirefu cha mtoto aliyejiona yuko peke yake, na hakuna sikio la daktari wa mifugo linaloweza kukikosea kilio hicho.

Adrien akaacha kutabasamu. Akachungulia juu ya bega langu, ndani, kwenye mkeka, kwenye sinia lililojaa lisiloguswa, kwenye mlango wa stoo uliokuwa unakwaruzwa. Akanirudia usoni. Akashusha kile kisanduku cha barafu kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

“Muzee,” akasema. “Ni mbwa gani huyo?”

Nikamshika kiwiko.

“Ingia ndani, daktari,” nikamwambia, sikio langu likiwa kwa Adija nyuma ya ukuta. “Hapa kwetu Ijumaa mtu hapiti mlango bila kuonja. Ingia, unawe, ule kwanza.”